Kabla hamjashusha kayaki: namna ya kuwekeana masharti ya usalama na wenzako wa safari

Tulikuwa wanne, kila mtu na kayaki yake, na kamba ya kuvutana haikuwapo hata moja. Kila mmoja alidhani mwenzake ameibeba. Hayo tuliyajua tukiwa tayari mlangoni, pale mkono wa bahari wa Kilifi unapokutana na bahari kuu, maji yanapwa, kusi imeanza kukaza, na mwenzetu mmoja analalamika kwamba chombo chake kimekuwa kizito kama gogo. Kayaki ilikuwa ya kuazima. Kizibo cha tezi, yaani upande wa nyuma wa chombo, kilikuwa kimesahaulika nyumbani kwa mwenyewe, na maji yalikuwa yakiingia tangu tulipoondoka. Tulimsukuma kwa zamu hadi mchangani upande wa Bofa, tukafika tumechoka na tumenuniana, kila mtu anatafuta wa kumlaumu.

Nilipokaa kulifikiria, niliona vifaa havikuwa tatizo kubwa. Majaketi tulikuwa nayo, maji ya kunywa tulikuwa nayo, simu zilikuwa nne. Tulichokosa ni mazungumzo ya dakika kumi ya kujua nani ana nini, nani anaweza nini, na mambo yakiharibika nani anamtegemea nani. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Sisi tulisafiria kamba ya mwenzetu, nayo haikuwapo.

Mwongozo huu ni wa watu kama sisi: marafiki, ndugu, wafanyakazi wenza wanaotoka wenyewe bila mwongozaji wa kulipwa. Ukienda na mwongozaji, masharti anayo yeye na utayasikia upende usipende. Mkienda wenyewe, masharti hayapo mpaka muyaweke. Mifano yangu ni ya pwani ya Kenya kwa kuwa ndiyo niijuayo, na mingi itafaa Tanga, Unguja au Mafia. Maziwa ya bara yana mambo yake. Naivasha, kwa mfano, kuna viboko, na kiboko hana habari na makubaliano yenu.

1. Ambianeni ukweli siku mbili kabla

Msingoje asubuhi ya safari. Asubuhi hiyo gari limeshafika, chapati zimeshafungwa, na hakuna anayetaka kuwa yeye wa kuvunja starehe ya watu. Kila mmoja ajibu maswali haya kwenye kundi la WhatsApp, kwa maandishi, siku mbili au tatu kabla:

- Unaweza kuogelea mita 50 mahali usipogusa chini, ukiwa na nguo zako? Jibu la "kidogo" maana yake hapana.
- Umewahi kupinduka kwenye kayaki ya aina hiyo utakayotumia, ukarudi ndani kwa nguvu zako au kwa msaada? Mara ya mwisho ilikuwa lini?
- Safari yako ndefu kuliko zote ilikuwa ya saa ngapi, na upepo ulikuwaje?
- Una pumu, kifafa, kisukari, ugonjwa wa moyo, au bega lililowahi kuteguka? Dawa utaibeba wapi?
- Kayaki ni yako au ya kuazima? Umeikagua kwa mikono yako?

Swali la bega watu hulicheka. Lakini bega lililowahi kuteguka ni rahisi kuteguka tena mtu anapoinua kasia juu ya kichwa na wimbi likalipiga, na kuanzia hapo huyo si mwenzenu wa kupiga kasia tena, ni mzigo wa kuvutwa. Ni bora mjue mapema ili mwenye nguvu akae karibu naye. Kuhusu maradhi ambayo mtu hapendi yatangazwe, haki yake iheshimiwe: amwambie mmoja tu, yule atakayekuwa ubavuni mwake siku nzima.

Asiyejua kuogelea nimwambie nini? Mimi humkaribisha ndani ya mkono wa bahari, kwenye maji tulivu karibu na ufuo, akiwa na jaketi na mtu wa kumwangalia yeye tu. Nje ya mwamba simchukui. Wapo watakaoniona mkali, na nimeshazoea.

2. Idadi, na nani nahodha

Wapiga kayaki wa baharini wa Uingereza wana kanuni ya zamani: mkiwa pungufu ya watatu, msitoke. Hesabu yake ni nyepesi. Mmoja anapatwa na shida, wa pili anamshughulikia, na wa tatu anabaki na macho ya kutazama wimbi, mwamba na boti inayokuja. Wawili wakiwa wameshikana katika kumwokoa mmoja, hakuna anayetazama bahari. Kwa upande mwingine, marafiki wasio na uzoefu wakizidi sita hugeuka kundi la mbuzi sokoni, hawachungiki.

Chagueni nahodha. Hapa kwetu jambo hili lina kona zake, kwa sababu mkubwa kwa umri huonekana ndiye wa kuongoza, na kumwambia mjomba wako avae jaketi vizuri ni kama kumkosea adabu. Malizeni hilo nchi kavu. Nahodha awe mwenye uzoefu zaidi wa maji yale, hata kama ni binti wa miaka 22 na ninyi wengine mna mvi. Shikamoo atatoa, na mkishaingia majini mtamsikiliza. Neno lake ndilo la mwisho, isipokuwa moja ambalo ni la kila mtu: "turudi". Yeyote akilitamka, mnageuza. Maswali yataulizwa mkifika.

Sharti hilo la kugeuza bila maswali ndilo nisiloweza kulilegeza. Anayesema "turudi" mara nyingi ni yule dhaifu kuliko wote, na ameshajizuia kwa nusu saa kabla hajafungua mdomo kwa kuona haya. Akilazimika kujieleza, hatasema mpaka awe amekwisha kabisa.

3. Vya mtu mwenyewe na vya kundi

Gawanyeni vifaa mafungu mawili, na fungu la pili liandikiwe majina.

Vya mtu mwenyewe haviazimwi wala havibebwi na mwingine. Kwanza jaketi okozi, limevaliwa na kufungwa, si limekaliwa kama mto. Lenye nguvu ya nyutoni 50 ni la mtu anayejua kuogelea. Asiyejua apate la nyutoni 100 au zaidi. Lijaribu hivi: livae, lifunge, kisha mwenzako alivute juu kwa mabegani. Likifika masikioni ni kubwa kwako. Kwenye jaketi funga filimbi ya plastiki. Kisha simu ndani ya mfuko usiopitisha maji, nayo ikae mwilini mwako. Simu iliyofungiwa ndani ya kayaki itakwenda na kayaki upepo ukiichukua, na kayaki tupu upepo huipeleka kasi kuliko unavyoweza kuogelea kuifuata. Ongeza maji ya kunywa, lita 2 kwa safari ya nusu siku, kofia, shati la mikono mirefu, na viatu vya kuingilia majini. Viatu si urembo: miambani kuna fuma na samaki-jiwe, na mguu uliochomwa haukanyagi.

Vya kundi ni kamba ya kuvutana, kasia la akiba, pampu au kopo la kufulia maji yaliyoingia ndani, sanduku dogo la huduma ya kwanza, kisu, taa ya kichwani hata kama mnatarajia kurudi saa 6 mchana, na utepe mpana wa kubandika kwa kuziba ufa. Mkiwa na redio ya VHF ya mkononi, ile ya mawasiliano ya baharini, bora zaidi. Kila kimoja kiandikwe jina la mbebaji: "Kamba – fulani." Tena kamba ziwe mbili, kwa watu wawili, kwa sababu mwenye kamba ndiye anaweza kuwa wa kuvutwa.

Mwenye kamba awe na kisu mahali mkono unapofika. Kamba majini bila kisu ni mtego.

Usisahau vizibo. Kayaki nyingi za plastiki za kukalia juu zina tundu la kutolea maji kwenye tezi au ubavuni, na kizibo chake ni kidogo kama kidole gumba. Kaza kwa mkono, na mwenzako akaze tena baada yako. Mimi sasa natembea na viwili mfukoni.

4. Chagueni saa kwa kuyasoma maji

Watu wengi huchagua saa kwa kutazama kazi na usingizi, kisha wakaishangaa bahari. Anzeni na jedwali la maji kujaa na kupwa, halafu upepo, halafu ndipo mwulizane nani yuko huru.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa kama dakika 50. Siku mbili tatu baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu huja bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na pwani ya Mombasa na Kilifi tofauti inaweza kukaribia mita 4. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo na mikondo imelala. Kwa safari ya kwanza na wenzako, chagua maji mafu.

Mabaharia wana hesabu ya sehemu kumi na mbili inayosaidia sana. Maji yanachukua kama saa sita kutoka kujaa hadi kupwa. Saa ya kwanza hushuka sehemu 1 kati ya 12, ya pili sehemu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tuseme maji yakijaa ni mita 3.4 na yakipwa ni 0.4. Tofauti ni mita 3, na kila sehemu ni sentimita 25. Basi saa ya tatu na ya nne peke yake hubeba mita 1.5, nusu ya maji yote. Hapo ndipo mkondo wa mlangoni unapokuwa na nguvu zake zote, na hapo ndipo msiwepo.

Sasa pima hesabu hiyo kwa nguvu za mwili wako. Mtu wa kawaida kwenye kayaki pana hupiga kilomita 4 kwa saa. Mkondo wa kilomita 3 kwa saa ukiwa usoni, unasogea kilomita 1 tu. Kilomita 2 za kurudi, ambazo ungezimaliza kwa nusu saa, zinakuwa saa mbili za kupiga kasia bila kupumzika, maana ukisimama unarudishwa nyuma.

Upepo una majira yake. Kusi hukaza sana Juni hadi Agosti. Kaskazi hushika kuanzia Desemba hadi Machi. Misimu yote miwili, alfajiri na asubuhi mapema huwa shwari kuliko alasiri, kwa hiyo toka mapema ili urudi kabla upepo haujaamka. Lakini umande, ule upepo mwepesi wa alfajiri unaotoka bara, utakusukuma kwenda nje bila wewe kuhisi, na ufukwe utauona bado shwari, kama unakuita. Geuka nyuma kila dakika kumi, upime kwa mnazi au paa la nyumba.

Kibaya kuliko vyote ni maji yanayopwa yakitoka mlangoni huku upepo ukiyapiga kutoka baharini. Mawimbi husimama wima, mafupi, yamekaribiana. Huko ndiko tulikokuwa sisi. Na ndani ya Mida, Watamu, hatari ni ya namna nyingine: mkichelewa kutoka, maji yanawakimbia na mnabaki mmekaa kwenye tope katikati ya mikoko, mnangoja bahari irudi. Si ya kufa mtu, lakini jua la saa 7 halina huruma.

Kisha waulizeni wavuvi. Mzee anayetengeneza wavu wake pale bandarini hana programu ya hali ya hewa, lakini ameitazama bahari hiyo tangu alfajiri. "Shikamoo mzee, leo nje kukoje?" Akitikisa kichwa, nendeni mkale viazi karai.

5. Mtu wa nchi kavu

Kabla ya kuondoka, mtu mmoja asiyekuja nanyi apewe ujumbe huu kwa maandishi: mko wangapi na majina, rangi za kayaki, mnaanzia wapi, mnakwenda wapi kwa njia ipi, mtarudi saa ngapi, na saa ya mwisho ya kungoja. Hiyo ya mwisho ndiyo huachwa. "Tutarudi saa 5. Ikifika saa 7 hatujapiga simu, na simu zetu hazipatikani, piga nambari hizi kwa mpangilio huu." Asiachiwe kuamua mwenyewe kama ni mapema mno kuhangaika, kwa sababu ataona haya na kungoja mpaka magharibi.

Nambari ziwe: kwanza mwenyekiti wa wavuvi wa pale mnapoanzia, yaani kitengo cha usimamizi wa fuo, maana boti iliyo karibu ni yao, kisha 999 au 112 kwa Kenya, nao wafikishe taarifa kwa walinzi wa pwani na kituo cha kuratibu uokoaji baharini kilichopo Mombasa tangu 2006. Namba ya mwenyekiti huyo itafuteni siku moja kabla, kwa kwenda pale kumsalimu. Mtu aliyewahi kuwaona atatoka upesi zaidi.

6. Dakika kumi za mchangani

Kayaki zimepangwa, watu wamevaa, picha zimepigwa. Simameni duara. Nahodha aseme njia, mahali pa kupumzika, na mahali pa kutorokea: kama tukishindwa kuendelea hapa, tutaingia ufuo gani? Kila mwenye kifaa cha kundi akiinue juu kionekane. Kusema "ninayo" hakutoshi. Sisi wanne sote tulidhani ipo.

Halafu ishara. Mlio mmoja wa filimbi: nitazameni. Mitatu: hatari, njooni. Kasia limelazwa juu ya kichwa kwa mikono miwili: simameni. Kasia limesimama wima: njia salama, njooni kwangu. Mwenzako akigonga kichwa chake kwa kiganja anauliza kama u mzima, nawe ujibu kwa kugonga chako. Ukiona ishara, irudie ili aliyeitoa ajue umeiona. Mkiwa na zenu mlizozizoea, sawa, mradi ziwe zile zile kwa wote.

Mwisho, mgawane wawili wawili. Kila mtu ajue yeye ni wa nani.

7. Majini: msiachane

Nahodha mbele au kando, mwenye uzoefu wa pili nyuma kabisa, wanyonge katikati upande upepo unakotoka, ili wakisukumwa na upepo wasiende mbali na kundi. Mwendo ni wa yule wa mwisho. Mkisimama kumngoja, naye akifika, apumzike yeye pia; si afike tu nanyi mwondoke, kwa sababu hapo mliopumzika ni ninyi mliokuwa hamjachoka. Umbali uwe ule ambao sauti inafika bila filimbi, na upepo ukizidi msogeleane zaidi.

Kisa kinachofundishwa kote kuhusu kundi kugawanyika ni cha Lyme Bay, kusini mwa Uingereza, tarehe 22 Machi 1993. Wanafunzi wanane na mwalimu wao, pamoja na wakufunzi wawili, walitoka Lyme Regis kwenda Charmouth, safari fupi ya pembezoni mwa pwani. Mara baada ya kuondoka mwalimu alianza kupinduka, akirudishwa ndani anapinduka tena. Mkufunzi mmoja akabaki naye. Mwingine akawakusanya wanafunzi wakashikana kayaki kungoja. Waliposhikana, upepo ukawachukua. Makundi mawili yakapotezana, kayaki za wanafunzi zikajaa maji moja baada ya nyingine, na taarifa kwa walinzi wa pwani ikatolewa saa kadhaa baada ya muda waliotarajiwa kufika. Vijana wanne walikufa. Miaka miwili baadaye Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kusimamia vituo vya michezo ya namna hiyo kwa vijana.

Maji yao yalikuwa ya baridi kali, yetu yana nyuzi 25 na zaidi, na hiyo ni neema. Upepo wetu hata hivyo hauulizi joto la maji. Kayaki zilizoshikana ni tanga. Basi kubalianeni: mtu akipinduka, wengine hawaendelei, hawakusanyiki mbali, wala hawaji wote kumzonga. Mmoja anaokoa, wa pili anasimama tayari na kamba, waliobaki wanapiga kasia polepole kuelekea upepo ili wabaki pale pale, ndani ya umbali wa sauti.

8. Mtu akipinduka

Hili lifanyeni mara mbili kila mmoja, kwenye maji ya kifuani, kabla ya safari yoyote ya kutoka nje. Kusoma hakutoshi.

Uliyeanguka: mkono mmoja kwenye kayaki, mwingine kwenye kasia, na usiachie chochote. Paza sauti useme kama u mzima.

Kayaki ya kukalia juu ni rahisi. Pitisha mikono juu ya tumbo lake, shika ukingo wa mbali, vuta na uangukie nyuma, itageuka. Kisha piga miguu mpaka mwili wako ulale juu ya maji, jivute kifua kikapite juu ya kayaki, pinduka ukae kwa makalio, ndipo uingize miguu. Watu hushindwa kwa sababu wananing'inia wima wakijaribu kujipandisha kwa nguvu za mikono. Lala kwanza juu ya maji. Mwenzako ashike kayaki upande wa pili isirudi kupinduka.

Ya kukalia ndani ina kazi zaidi kwa sababu imejaa maji, na maji lita 200 ni kilo 200. Mwokoaji aje kwenye omo, yaani upande wa mbele, ya kayaki iliyopinduka, wakati aliyeanguka ameshika omo ya mwokoaji, mahali anapoonekana. Mwokoaji ainue omo ile, ikiwa bado kifudifudi, aivute juu ya sitaha yake mbele ya kifua, maji yatoke kwa sekunde chache, kisha aigeuze na kuishusha. Aiweke ubavuni, omo yake ikielekea tezi ya kayaki ya mwokoaji, makasia yamelazwa juu ya zote mbili, aishike kwa mikono yote na kuilalia kwa uzito wake. Sasa aliyeanguka anapiga miguu, analala juu ya sitaha ya nyuma kifudifudi akitazama tezi, anatelezesha miguu ndani, halafu anageuka taratibu akielekea upande wa mwokoaji. Usimwachie bado. Afue maji, afunge sketi ya kuzuia maji, ile inayovaliwa kiunoni na kufunika tundu la kukalia, avute pumzi, ajibu swali. Anayeachiwa haraka hupinduka tena, na mara ya pili nguvu zimekwisha.

Kayaki isiyo na kuta za ndani za kuzuia maji haitoki maji kwa namna hii. Omo ikiinuka tezi inazama. Jazeni ndani yake mifuko ya hewa au madumu matupu yaliyofungwa vizuri, au msitoke nayo nje.

Akishindwa mara mbili kupanda, msimchoshe. Fungeni kitanzi cha kamba, kipite kwenye tundu la kukalia la kayaki na kuning'inia majini, akikanyage kama ngazi.

9. Kuvutana

Kamba ndefu, mita 10 hadi 15, ni ya baharini, ili wimbi lisimrushe anayevutwa kwenye mgongo wa anayevuta. Kamba fupi ya mita 1 na nusu ni ya kumwondoa mtu haraka mbele ya mwamba. Ivaliwe kwenye mkanda wa kiunoni wenye kifungo kinachofunguka kwa mvuto mmoja. Usiifunge mwilini kwa fundo, hata kama mfungaji ni bingwa wa mafundo. Mgonjwa au mwenye kizunguzungu havutwi peke yake: mwingine akae ubavuni amshikilie.

10. Mkiomba msaada

Amueni mapema. Mkiwa na mashaka kama mnaweza kufika, bado mna nguvu na betri, na huo ndio wakati. Kwenye VHF ni chaneli 16: sema "Mayday" mara tatu, ninyi ni nani, mko wapi, mna shida gani, mko wangapi. Ukiwa umekaa kwenye kayaki antena yako iko chini sana, kwa hiyo sauti haiendi mbali. Inua redio juu. Kwa simu, tuma mahali mlipo kwa ujumbe pia, maana ujumbe hupita hata mtandao unaposuasua na sauti kukatika. Boti ya uvuvi ikipita, inua kasia na kulipunga, mliopo wengine pulizeni filimbi, milio mitatu mitatu. Boti ikija, mtoeni kwanza aliyechoka, na kaeni mbali na mashine mpaka izimwe.

Kayaki ziacheni zikibidi. Ya kuazima pia. Mwenyewe atalipwa kwa awamu.

11. Mkifika

Kabla ya kuvua jaketi, mpigieni mtu wa nchi kavu. Sisi mara moja tulisahau, tukakaa kula samaki, na kaka wa mmoja wetu alishafika kwa wavuvi akiomba boti itoke. Mafuta tulilipa sisi.

Kisha suuzeni vifaa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa vifungo vya mkanda wa kamba na zipu. Na mkingoja chai, kila mmoja aseme jambo moja lililomtia wasiwasi siku hiyo, akianza mdogo wa kundi, ili asifunikwe na maneno ya wakubwa. Andikeni kwenye lile kundi la WhatsApp. Letu bado lina ujumbe wa siku ile ya Kilifi, uliobandikwa juu kabisa: vizibo, viwili.